Kila Kundi Lije na Vyombo Vyake

Mimi ni mpishi. Nataka hilo lijulikane mapema, kabla hamjaanza kunicheka. Nimepika katika shule ya bweni tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno, na leo mwanangu huyo ana ndevu. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia "vyombo", afikirie nini? Sahani. Bakuli. Vikombe, sufuria, upawa. Ukitaka afikirie kitu kingine, basi mtajie hicho kitu kingine. Si mimi niliyeleta neno moja likafanya kazi mbili.

Siku ya tangazo nilikuwa benchi la nyuma, mahali pangu kama mlezi wa vijana wa usharika wetu, ili nimwone kila anayechezea simu wakati wa mahubiri. Mwenyekiti wa vijana tunamwita Tangazo, maana hawezi hata kuomba chumvi mezani bila kusimama na kukohoa kwanza. Basi akasimama, akakohoa. "Mkutano mkuu wa vijana wa Kilutheri ni Jumamosi ijayo. Tutaondoka asubuhi na mapema. Tumeambiwa kila kundi lije na vyombo vyake. Bwana asifiwe." Akakaa.

Hakuna aliyeuliza vyombo gani. Waimbaji waliitikia kwa vichwa, na mimi nikaitikia kwa changu, kila mtu na lake moyoni.

Sasa niwaambie habari za Cheche. Cheche ni mtoto wa kaka yangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Anakaa kwangu kwa sababu karakana yao iko mtaa wa pili. Mchana anachomelea mageti, jioni anapiga kinanda cha kanisa. Mwaka huo wote alikuwa kama mtu mwenye homa isiyopanda wala kushuka. Anakula huku anagonga meza kwa vidole. Anaoga huku anavumisha wimbo puani. Nikimtuma chumvi analeta sukari. Nilipomuuliza ana nini, akasema, "Natunga wimbo, Shangazi."

"Nyimbo zimejaa kitabu kizima, wewe hujazimaliza hizo, unatunga nyingine ya nini?"

Akacheka tu, akaendelea kuigonga meza yangu.

Wimbo ulipokamilika aliwafundisha wenzake, nami nikakaa nyuma kusikiliza. Ulikuwa mzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Unaanza na kinanda peke yake, polepole, kama mtu anayebisha hodi bila kuwa na hakika kwamba wenyewe wapo. Halafu sauti ya kwanza inaitikia. Halafu wote wanaingia kwa pamoja, na hapo hata mimi mwenye magoti mabovu nilijikuta nimesimama. Ila ukiondoa kinanda pale mwanzoni, hakuna wimbo. Hilo nilikuja kulielewa baadaye.

Jumamosi ikafika, na basi tulilokodi likafika. Nilikuwa nimepanga masanduku yangu tangu jana yake. Nilitia sahani zangu zote za bati zenye ua jekundu, na kila moja nimeitia nukta ya rangi ya kucha mgongoni isije ikapotelea kwa watu. Nazipenda sahani zangu, sifichi. Nimewahi kumfuata jirani mpaka kwenye harusi ya binti yake kudai bakuli langu, na nikalipata.

Dereva alitazama buti, akatazama mizigo, akakuna shingo. "Mama, havienei hivi. Ama kinanda na spika yake, ama masanduku yako. Kimoja kibaki."

Nikamtafuta Cheche kwa macho. Hayupo. Alikuwa amekimbia nyumbani kubadili viatu, mara ya pili asubuhi hiyo. Nikawaza peke yangu: mkutano mkubwa hivi, na maaskofu wapo, watakosaje kinanda? Lakini sahani, nani atakupa sahani yake? Nikasema, "Kinanda kirudishwe kanisani, sakristia." Nikafunga buti kwa mikono yangu mwenyewe.

Cheche akarudi mbio, viatu vinang'aa, shati limenyooka. "Shangazi, vyombo vimeingia vyote?"

"Vyote," nikamjibu. Na sikusema uongo hata kidogo!

Tulipofika tukakuta uwanja umejaa vijana wa kila usharika unaoujua na usioujua. Sare za kila rangi. Huku wanakumbatiana, kule wanapimana sauti, na kwaya zinatazamana kwa jicho la pembeni kama mashemeji waliogombana. Nikaona jambo moja ambalo halikunipendeza. Kila basi lililofungua buti lilitoa ngoma. Lilitoa gitaa, tarumbeta, vinanda, spika ndefu kuliko mimi. Sikuona hata kikombe kimoja.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama kijana mwenye utepe mwekundu mkononi, mpokea wageni. "Karibuni sana. Vyombo vyenu viko wapi, tuvipange?"

"Hivi hapa, mwanangu."

Akafungua sanduku, akaingiza mkono, akatoa upawa. Akautazama upawa. Akanitazama mimi. "Mama... vyombo vya muziki."

Weee! Kicheko kilichotoka nyuma yetu kilifika mpaka jukwaani. "Hawa wamekuja kumpikia askofu!" mmoja akapaza sauti. Mwingine akauliza kama sufuria yetu inaimba sauti ya tatu au besi. Tangazo akasimama wima, akakohoa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kutangaza.

Cheche akaja mbele yangu. "Shangazi, kinanda kiko wapi?"

"Sakristia," nikasema.

Nikajiweka tayari kwa kelele. Kelele ninaziweza, nimeishi na wanafunzi wenye njaa. Lakini hakupiga kelele. Alikaa juu ya sanduku la sahani, akaviangalia vile viatu vyake vinavyong'aa, akasema, "Sawa, Shangazi. Tutaimba wimbo wa zamani, ule usiotaka kinanda." Kisha akainuka akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Kiongozi wa sauti ya pili, binti mmoja msusi, mdomo wake haujawahi kupata likizo, akanishika mkono. "Mama, hujui ulichofanya, eh?"

"Nimeacha kinanda. Ndiyo nimeua mtu?"

"Karibu na hapo," akasema. Akanivuta pembeni, akanieleza yote.

Kumbe kulikuwa na binti. Fundi simu, wa usharika mwingine, anaimba sauti ya kwanza katika kwaya yao. Mwaka uliopita, kwenye mkutano kama huu, Cheche alimwomba namba ya simu. Binti akamwambia, "Wewe kila ninapokusikia unapiga nyimbo za watu. Mwakani njoo na wimbo wako mwenyewe. Nitakaa kiti cha mbele kabisa nikusikilize, na ukiisha namba nitakupa. Ukija na wimbo wa watu, mimi nitabaki na wenzangu, na tusisumbuane tena."

"Mwaka mzima hawajaongea?" nikauliza.

"Hata salamu. Yeye fundi simu, na huyu namba hana!"

Nikakumbuka meza yangu ilivyogongwa mwaka mzima. Nikakumbuka chumvi na sukari. Moyo ukaniuma, jamani, ukaniuma kabisa, maana kijana yule hajawahi kuniomba kitu, na kitu kimoja alichokitaka mimi nimekifungia sakristia. Nikajifunga kitenge vizuri kiunoni nikaenda kutafuta kinanda.

Ukumbi wenyewe haukuwa na chochote. Nikaenda kwa kwaya ya kwanza, wakasema waya wao ni mbovu. Kwaya ya pili wakasema mwenye ufunguo hayupo. Kinanda kina ufunguo tangu lini? Wanaogopa tutawashinda kuimba, basi. Mwisho nikafika kwa kwaya ya yule binti. Mwalimu wao ni bwana mmoja aliyefunga tai ikambana shingo mpaka nikamwonea huruma, na moyoni nikampa jina palepale: Bwana Tai.

"Mwalimu, naomba mtuazime kinanda. Wimbo mmoja tu."

Akatabasamu kwa midomo bila macho. "Mama yangu, nakuheshimu. Lakini kinanda chetu hakishikwi na mkono wa mtu mwingine. Ni utaratibu."

"Hata mkono wa Mkristo mwenzako?"

"Huo ndio hatari zaidi," akasema, na waimbaji wake wakacheka. Nami ningecheka kama nisingekuwa na hasira. Nikarudi kwenye masanduku yangu, nikakaa, nikayachukia kwa mara ya kwanza.

Asubuhi yote ikapita hivyo. Mahubiri yalikuwa mazuri, nadhani. Sikusikia neno. Ratiba ilionyesha sisi tutaimba wa kwanza kabisa baada ya chakula cha mchana, na Cheche alikaa mwisho wa safu yetu anaangalia dari.

Kengele ya chakula ikalia. Huko nyuma ya ukumbi wapishi walikuwa wamejipanga na masufuria makubwa ya wali na mchuzi, na harufu ikiingia puani inakukumbusha kwamba hujanywa hata chai. Vijana wakamiminika, mstari ukapinda mpaka getini. Hapo kipaza sauti kikakwaruza, ikaja sauti ya mama mmoja. Kwa sauti tu nilijua ni mpishi mwenzangu:

"Hii ni kamati ya chakula. Kama tulivyotangaza, kila kundi lipange mstari na vyombo vyake. Sahani, vikombe na vijiko, tafadhali. Hapa hatuna."

Niliwaona vijana wakitazama gitaa zao. Niliwaona wakitazama ngoma. Mmoja alijaribu kukunja karatasi ya ratiba iwe bakuli. Mimi nilianza kucheka taratibu, tumboni, kicheko kikapanda mpaka machozi yakanitoka, nikasimama juu ya sanduku nikapiga upawa kwenye sufuria.

"Vyombo viko hapa!" nikapaza sauti. "Nani alikuwa anauliza sufuria yangu inaimba sauti gani?"

Walikuja mbio. Yule wa utepe mwekundu alikuwa wa kwanza, na nikamfanya anibebee masanduku. Tukapanga kazi pale pale. Unapewa sahani, unakula, unaiosha bombani, unampa anayefuata. Vijana wangu, ambao asubuhi walikuwa wanaona aibu kutembea nami, sasa walikuwa wanapita vifua mbele na vijiko mkononi wakiitwa "kaka" na "dada" na watu wasiowafahamu. Tangazo alipata raha ya maisha yake. Alikohoa, akatangaza utaratibu wa sahani, akautangaza tena.

Baada ya muda nikamwona Bwana Tai. Alijifanya anapita tu. Akapita mara ya pili. Mara ya tatu akasimama mbele yangu, akalegeza tai kidogo.

"Mama, kwaya yangu bado haijala. Kama kuna sahani chache..."

"Mwalimu, nakuheshimu," nikasema. "Lakini sahani zetu hazishikwi na mkono wa mtu mwingine. Ni utaratibu."

Alinitazama. Nami nikamtazama. Nyuma yake waimbaji wake walikuwa wanameza mate. Mwishowe yule bwana akaangua kicheko, kicheko cha kweli, macho na midomo pamoja. "Nimekoma, mama. Nipe sahani, kinanda na spika nitavibeba mwenyewe mpaka jukwaani."

"Na waya?"

"Na waya!"

Nikampa bakuli kubwa kuliko yote, maana mtu akikubali kushindwa ashibe. Aliyemfuata mstarini alikuwa binti mwembamba mwenye bisibisi ndogo imechungulia mfuko wa sketi. Kwaya imevaa vizuri kutoka juu mpaka chini, yeye na bisibisi. Sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani kakwambia mimi shangazi?"

Akainamisha uso. "Nimesikia." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nimesikia pia leo mnaimba wimbo wa zamani."

"Masikio yako yarekebishwe, wewe si fundi? Kula upesi ukatafute kiti." Nikampa sahani, nikampakulia mpaka ikawa na mlima.

Nikamtafuta Cheche, nikamkuta nyuma ya ukumbi, hajala. "Inuka," nikamwambia. "Kinanda kiko jukwaani. Ukiniuliza nimekipataje nitakuchapa." Akanitazama kama mtoto aliyesikia mlango wa nyumbani unafunguliwa, akaondoka mbio, halafu akarudi, akanikumbatia, akaondoka mbio tena.

Basi wakatuita. Vijana wetu wakapanda jukwaani, Cheche akakaa kwenye kinanda. Lakini ukumbi ulikuwa nusu tupu, watu bado wanakula na kuosha, na kiti cha mbele kabisa hakikuwa na mtu. Cheche aliweka vidole, akatazama kile kiti. Akaondoa vidole. Mshereheshaji akasema, "Tafadhali, muda." Tangazo akakohoa. Cheche akaweka vidole tena, na nikaona bega lake linashuka, na nikajua anataka kusema wimbo wa zamani.

Yuko wapi huyu binti? Nikatoka nje kwa magoti yangu haya haya, nikikimbia, mimi, na watu wakinipisha. Nikamkuta bombani. Amekunja mikono ya blauzi, mbele yake kuna rundo la sahani zangu, anaziosha moja moja na nyuma na mbele, kwa adabu kabisa, maana wengine walikuwa wanaziacha chini na kwenda zao.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Unafanya nini hapa?"

"Nasaidia, Shangazi. Wataziacha zipotee hizi."

"Ziache zipotee!" nikasema. Mungu shahidi yangu, nilisema hivyo, mimi. "Ziache zote! Kiti chako kitupu, na mwenzio kaweka vidole juu ya kinanda mwaka mzima!"

Macho yalimtoka. Akakimbia, na sahani moja bado imo mkononi. Akapita mlangoni, akapita katikati ya ukumbi, viatu vinalia, watu wanageuka, akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, sahani mapajani inamchuruzikia maji kwenye sketi ya kwaya.

Nilisimama mlangoni nikihema. Cheche akamwona. Hakutabasamu hata. Aliteremsha vidole polepole, na kinanda kikabisha hodi. Kikabisha tena. Sauti ya kwanza ikaitikia, halafu wote, na watu waliokuwa nje wakaanza kuingia na sahani zao mkononi, wanatafuna kimyakimya. Nililia. Najua mnaniona mtu wa hasira, lakini nililia mpaka Bwana Tai akanipa kitambaa chake.

Ulipoisha, ukumbi ulipiga makofi na vijiko kwenye sahani, kelele za bati tupu. Cheche akashuka jukwaani akaenda kile kiti cha mbele. Waliongea nini sijui. Niliona tu bisibisi ikitoka mfukoni bila sababu na kurudi mfukoni, na simu ya Cheche ikipita mkono kwa mkono.

Jioni tukakusanya vyombo. Vijana walipanga sahani, nami nikazipitia mgongoni, nukta kwa nukta. Moja haikuwepo. Vijana wangu wananijua, wakasimama mbali kidogo wakisubiri nilipuke. Nikafunga sanduku. "Twendeni nyumbani," nikasema. Msusi akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi iliyofuata geti likagongwa. Alikuwa yeye, na sahani yangu mkononi, inang'aa. "Shangazi, samahani, niliondoka nayo kwa bahati mbaya."

"Naona," nikasema. Cheche alikuwa ameshasimama nyuma yangu, mkono mmoja na glovu ya kazi, mwingine hauna. Binti akala kwetu. Alipotaka kuondoka nikampakulia chakula cha mama yake kwenye sahani ileile. "Utairudisha," nikamwambia. Mama yake akairudisha na chakula chake. Nikairudisha na changu. Simu ya Cheche, iliyokuwa nzima miaka yote, ikaanza kuharibika kila wiki.

Sasa ninavyowasimulia, sahani iko kwao, na leo tunakwenda kuifuata. Cheche amenyoa na kubadili viatu mara tatu. Kaka yangu amekuja na wazee wawili, na amefunga tai. Watu wazima wote hao, kufuata sahani moja ya bati! Jana usiku kaka alinipigia simu kukumbusha. "Dada," akasema, "usisahau vyombo."

Sikumuuliza vyombo gani. Nimepakia sahani zangu zote, na juu yake nimelaza kinanda.